Leti Arts ni ya Kenya au ya Ghana?

Ya nchi zote mbili, wakuu, ndiyo maana wanaovutania swali hili wanavutana bure. Kampuni hii ya kutengeneza magemu ilianzishwa 2009 na Wesley Kirinya, Mkenya, pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, ikafanya kazi Nairobi na Accra. Mwanzoni ilijulikana kama Leti Games. Baadaye wakaingia kwenye katuni za vitabu pia, ndipo jina likabadilika.

Ila anayesema Kirinya alianzia Leti amekosea. 2007 alikuwa ameshatoa The Adventures of Nyangi, gemu la kompyuta la 3D ambalo binti anazunguka akitafuta vitu vya kale vya Kiafrika. Mimi nalihesabu hilo kuwa kazi nzito kuliko iWarrior, gemu la simu la Leti lililokuja baadaye, ile ya kulinda kijiji na mifugo dhidi ya wanyama wakali, ingawa iWarrior ndiyo iliyowatangaza nje.

Ukitaka kuona walikokuwa wanaelekea, tafuta Africa's Legends: Ananse, buibui mjanja wa hadithi za Ghana, na Shaka, mfalme wa Wazulu, wamegeuzwa mashujaa wa kisasa, kwenye katuni na kwenye gemu.