Kabla ya kuongeza moto, tenga plastiki zako

Wanaotengeneza nguzo na vigae vya plastiki hapa Kampala huniletea vipande vilivyovunjika na swali lile lile: tuongeze moto? Mara nyingi jibu langu ni hapana. Tazama kwanza pale kilipokatikia. Ukiona matabaka yanabanduka kwa ukucha, mna plastiki mbili ambazo hazikuchanganyika kamwe, hata kama zilipoyeyuka zilionekana kitu kimoja.

Chanzo ni molekuli zenyewe. Maji na spiriti huchanganyika upesi kwa kuwa kila molekuli ndogo iko huru kwenda itakako, na mtawanyiko huo wenyewe unasukuma mchanganyiko. Molekuli ya polima, yaani kile kinachounda plastiki, ni mnyororo wa maelfu ya viungo vilivyoshikana, haina uhuru huo. Wanakemia Paul Flory na Maurice Huggins walilipigia hesabu jambo hili miaka ya 1940: minyororo ikirefuka, msukumo wa mtawanyiko hufifia mno, na linalobaki kuamua ni kama viungo vya polima hii vinavutana na vya ile. Kukataana kidogo sana kwa kila kiungo, kukizidishwa kwa urefu wa mnyororo, kunatosha kuzitenga.

Ndiyo maana polithini ya jerikani na polipropilini ya viti hazipatani, ingawa zote ni kaboni na haidrojeni tupu. PET ya chupa za maji iko mbali zaidi. Ina vikundi vya atomi viitwavyo esta, vyenye mvutano wa umeme, ambayo polithini haina, tena huyeyuka karibu na nyuzi 250, ilhali jerikani huyeyuka karibu na 130. PVC, plastiki ya mabomba, msiitie kabisa! Kwenye joto la PET huoza na kutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kula mashine.

Zipo zinazopendana kweli. Plastiki iitwayo polistirini huchanganyika na nyingine iitwayo polifenilini oksidi kwa kipimo chochote. PVC nayo huchanganyika na plastiki iitwayo polikaprolaktoni, kwa sababu oksijeni ya polikaprolaktoni huvuta haidrojeni ya PVC. Lakini mivutano ya namna hiyo hulegea joto likipanda, na baadhi ya michanganyiko iliyokuwa imetulia hutengana ukiizidishia moto.

Kwa hiyo tengeni kabla ya kuyeyusha. Someni namba chini ya chombo: 1 ni PET, 2 jerikani, 3 PVC, 4 kaveera (mifuko ya plastiki) nyingi laini, 5 polipropilini. Vilivyosagwa vitieni kwenye pipa la maji: polithini na polipropilini huelea, PET na PVC huzama, na vifuniko vya chupa huachana na chupa zake hapo hapo.

Mkilazimika kuchanganya, ulizeni wauzaji wa malighafi kuhusu kiunganishi, mathalani polithini iliyopachikwa kemikali iitwayo anhidridi ya maleiki kwa ajili ya polithini na nailoni. Mnyororo wake huingia kwenye polithini, na anhidridi hufunga bondi na ncha za nailoni. Plastiki hubaki mbili, ila matone ya moja ndani ya nyingine huwa madogo na hushikana nayo. Mimina kipande kimoja chembamba, kiache kipoe, kikunje kwa mkono kabla hujajaza kalibu zote.