Mpinzani kashusha bei: je, judo itanisaidia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina karakana ndogo ya kushona sare. Mwaka huu kampuni kubwa imeingia kwenye soko letu na bei ambayo nikiifuata sibaki na kitu. Nimecheza judo tangu utotoni, na kocha wetu alizoea kutuambia tutumie nguvu za mpinzani kumwangusha. Kwenye biashara nguvu hizo nazikamataje? Nawaza nishushe bei na mimi, tupambane mpaka mmoja achoke. – Mshona Sare

JIBU: Marahaba. Atakayechoka ni wewe. Mtu anakusukuma, nawe unamsukuma: hapo anashinda mwenye kilo nyingi, na hilo hata mtoto wa mkanda mweupe analijua.

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, alikuwa na umbo dogo, kwa hiyo suala hili lilimhusu hasa. Mafunzo yake yanautenga mwangusho katika hatua tatu: kuzushi, kumyumbisha mpinzani, tsukuri, kujiweka mahali pake, halafu kake, kuangusha kwenyewe. Wanafunzi wangu karibu wote hurukia ya tatu. Wanageuza kiuno, wanavuta, na yule mwenzao kasimama kama nguzo, maana uzito wake bado uko sawasawa juu ya miguu miwili. Mvute kwanza mkono wa koti, kidogo tu, hadi visigino vyake viinuke. Hapo ndipo pa kuingia.

Sasa mtazame huyo mkubwa wako. Bei yake inatoka wapi? Anakata vitambaa kwa mafungu, saizi chache, maelfu kwa mpigo. Uzito wake wote umeegemea kwenye wingi. Kwa hiyo mfanyakazi mwenye mabega mapana na kiuno chembamba, mwanafunzi aliyehamia katikati ya muhula, suruali iliyochanika juzi na inatakiwa kesho, hao kwake ni usumbufu. Kadiri anavyopata zabuni nyingi ndivyo anavyowazalisha wengi wa aina hiyo. Nenda kwa wateja wake hao hao, uombe kazi ya marekebisho na saizi zisizo za kawaida, kwa bei yako, bila punguzo. Tena mwendee hata yeye mwenyewe, huenda akafurahi kukuachia. (Kano alisisitiza pia jita kyoei, yaani kustawi pamoja na wenzako. Wapenda vita vya sokoni huisahau hiyo.)

Ila kabla ya hayo kuna ukemi, kuanguka bila kuumia. Unakumbuka: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka, pumzi inatoka. Tunafundisha hilo kabla ya kumgusa mtu. Kwako maana yake ni hesabu: mteja wako mkubwa akiondoka leo, utalipa kodi na mishahara kwa miezi mingapi? Kama jibu ni mmoja, usianze kushindana na yeyote. Punguza oda za mkopo, dai malipo ya awali, weka akiba.

Na zabuni ambayo bei yake haifikii hata gharama ya kitambaa na fundi, gonga mkeka mapema, kama anavyofanya mchezaji aliyekabwa mkono akikubali kushindwa. Anayekataa kugonga huvunjwa kiwiko, na keshokutwa hana mkono wa kuendeshea cherehani.