Maswali ya Wasomaji: Masanduku Mawili ya Kaseti za Grateful Dead

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Ninaishi Oakland, California, ambako kwa miaka 3 nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake. Alipohamia kwa binti yake aliniachia masanduku 2 ya kaseti zipatazo 140, zote za bendi ya roki ya Kimarekani Grateful Dead, zimeandikwa kwa mkono na hakuna hata moja iliyotoka kiwandani. Moja imeandikwa “5/8/77, Barton Hall, SBD, 2”. Nimetafuta onyesho la tarehe 5 Agosti 1977, sikuliona. Je, ni mali ya wizi? Zina thamani? Nizitunze vipi?
— Msomaji, Oakland

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na tarehe, maana ndiyo iliyokupoteza. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo kaseti yako ni ya tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton Hall wa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Agosti ya mwaka ule usingeona kitu, kwa sababu mpiga ngoma Mickey Hart aliumia katika ajali ya gari mwezi Juni na bendi ikasimamisha ziara. Herufi SBD maana yake sauti ilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mixa ya fundi mitambo. Ukikuta AUD, basi ilinaswa kwa maikrofoni katikati ya watazamaji. Hiyo 2 ni kizazi: yako ni nakala ya nakala.

Kuhusu wizi, bendi hii haikuwa kama nyingine. Kati ya 1965 na 1995, mwaka aliofariki mpiga gitaa Jerry Garcia, ilifanya maonyesho yapatayo 2,300, na kwa kuwa nyimbo hazikufuata mpangilio mmoja wala urefu mmoja, mtu aliyesikia usiku wa Jumamosi hakuweza kudai kwamba ameusikia na ule wa Jumapili. Mashabiki wakaanza kunasa sauti kwa vifaa vyao, mwanzoni kwa kujificha, na mwezi Oktoba 1984 bendi ikawatengea rasmi eneo nyuma ya mixa na tiketi zao maalumu. Sharti lilikuwa moja, nalo zito: badilishaneni, msiuze. Mgeni asiye na kitu cha kubadilishana alituma kaseti tupu pamoja na gharama ya posta ya kumrudishia, na mwenyeji akamdurufia.

Lakini nisikufiche kwamba kaseti yako ya Cornell ina historia ya pembeni. Haikunaswa na shabiki, bali na fundi wa bendi yenyewe, Betty Cantor-Jackson, ambaye mwaka 1986 kanda zake zilizokuwa stoo zilipigwa mnada baada ya kodi ya stoo kutolipwa. Zikaangukia mikononi mwa watu mbalimbali, nakala zikasambaa, na onyesho la Cornell likawa maarufu hadi likaingizwa katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Tangu 2017 linauzwa rasmi, likiwa limetengenezwa kutoka kwenye kanda za asili, kwa hiyo ile yako si adimu hata kidogo, na usikubali mtu akuambie vinginevyo.

Mimi ningeziweka mbele zile za AUD, hasa zenye maelezo ya maikrofoni iliyotumika na mahali mnasaji alipoketi. Thamani ya kaseti za namna hii haiko katika fedha, iko katika nasaba. Waliokaa darsani watanielewa upesi: kama hadithi ya Mtume inavyopimwa kwa isnadi yake, yaani mlolongo wa waliopokezana, ndivyo rekodi inavyopimwa kwa silsila ya mikono iliyopitia, nani alinasa, kwa mashine gani, nani akadurufu na mara ngapi. Kila kizazi huongeza ule mlio mwembamba kama wa mafuta yanayokaanga, na mashine ya kuchezea ikienda mbio kidogo wakati wa kudurufu huacha gitaa likisikika juu kuliko lilivyopigwa.

Kwa hiyo, kabla ya kucheza chochote, piga picha kila kaseti na kila kava, pamoja na vile vikaratasi vya ndani. Kisha vunja vijino viwili vya juu ya kaseti ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha, ukanda ulegee pale uliponata. Safisha hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma ukanda, kwa pamba na spiriti. Ikiwa sauti imefifia kana kwamba imefunikwa blanketi, zungusha taratibu sana skrubu ndogo iliyo kando ya hedi hadi matoazi yafunguke. Hifadhi kwenye kompyuta kwa WAV au FLAC, kamwe si MP3, ambayo hutupa sehemu ya sauti isiyorudi tena. Kaseti ya dakika 90 ina 45 kila upande, hivyo utakuta wimbo umekatika katikati wakati mnasaji akigeuza. Pengo hilo liache lilivyo. Wapo wanaoliziba kwa kipande cha rekodi nyingine bila kuandika popote, na hao ndio wanaoharibu silsila.

SWALI: Onyesho moja la Grateful Dead katika Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, lina rekodi 6 au 7, baadhi zinapakuliwa, nyingine zinasikilizwa tu. Nichague ipi?
— Msomaji, Nairobi

JIBU: Tofauti hiyo ilianza Novemba 2005, ambapo rekodi za bendi hii ziliondolewa kwenye upakuaji, mashabiki wakapiga kelele, zikarudishwa za AUD peke yake huku za SBD zikibaki za kusikiliza. Wengi hukimbilia SBD kwa usafi wake. Mimi, mnasaji akiwa hodari, huchagua AUD, kwani kwenye mixa watazamaji hawasikiki na ukumbi unakuwa kama mtupu. Zipo pia zilizounganisha zote mbili kwa pamoja, nazo zikipangwa vizuri hutuliza ugomvi.

SWALI: Ni kweli Grateful Dead walipiga penye mapiramidi ya Misri, pamoja na mpiga udi?
— Msomaji, Muscat

JIBU: Ni kweli. Walipiga katika mji wa Giza, Misri, tarehe 14, 15 na 16 Septemba 1978, wakiwa na Hamza El Din, Mnubi aliyekuwa bingwa wa udi na tari. Nia ilikuwa kutoa albamu, ila piano haikuwa imewekwa sawa, na mpiga ngoma Bill Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, ikabidi apige kwa mkono mmoja. Teuzi za rekodi hizo zilitolewa 2008. Tafuta humo wimbo wa Kinubi “Ollin Arageed”: unaanza kwa makofi na sauti za watu, kisha magitaa yanaingia moja moja.