Maswali ya Wasomaji: Njegere Moja kwa Samaki Mmoja

Barua za mwezi huu nyingi ni za wenye samaki wa dhahabu, na karibu zote zinauliza kuhusu mboga. Tumechagua sita.

Hamjambo hapo ofisini? Nina samaki wa dhahabu watatu kwenye tangi la kioo sebuleni. Kopo la chakula chao limepanda bei, na jirani ananiambia hawa wanaishi kwa mboga tu. Naweza kuacha kununua kopo? (Msomaji, Tanga)

Hatujambo. Mboga wanakula, tena kwa hamu, lakini kopo usiliache. Samaki huyu kwa asili ni mpekuaji wa matope: anakula majani laini na mwani, na humo humo anaokota minyoo, viluwiluwi vya mbu na konokono wadogo. Ukimpangia sahani kama ya kwetu, punje za dukani ndizo ugali, na mboga ni mboga. Nani ameshiba mchicha mtupu?

Hesabu yenyewe ni hii. Punje nzuri za samaki wa dhahabu zina protini asilimia 30 hadi 40. Njegere mbichi ina kama asilimia 5 tu, na tango ni maji kwa asilimia 95 hivi. Anayelishwa mboga peke yake hukonda mgongoni kwanza: mtazame kutoka juu, utaona kichwa kimekuwa kipana kuliko mwili unaofuata nyuma yake.

Mboga ina kazi nyingine. Samaki huyu hana mfuko wa tumbo kama wetu. Kinachopita kooni kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo, nao ni mrefu na umejikunja. Punje kavu tupu, siku nenda siku rudi, hukwama humo, na nyuzinyuzi za mboga huzisukuma. Kwa hiyo mpe punje siku tano, mboga siku mbili. Ukitaka kuokoa pesa, punguza kipimo. Wengi wetu tunamwaga chakula mara mbili ya kinachohitajika. Tia kile wanachomaliza kwa dakika mbili, asubuhi na jioni, basi. Kopo litadumu.

Nilimpa wangu njegere akaibeba mdomoni, akaitema, akaibeba tena, akaitema. Nakosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

Huenda hukosei kitu. Samaki wa dhahabu huonja kwa kutema. Ndivyo anavyochambua chakula na mchanga mdomoni. Lakini akitema mpaka akaondoka zake, basi njegere ni ngumu, ni kubwa, au ina ngozi. Meno yake hayako mdomoni, yako ndani kooni, na hayawezi kuchana ngozi ile inayoteleza.

Tumia njegere mbichi za kijani au za friza. Za kopo ziache, zimetiwa chumvi na wakati mwingine sukari. Chemsha maji matupu, yaani bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Mbichi zikae dakika nne au tano, za friza dakika moja au mbili. Usitegemee saa peke yake: ibonyeze moja kwa vidole, ipondeke bila ubishi. Ikishakuwa hivyo itie kwenye maji baridi.

Sasa ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, ibane upande mmoja. Kiini kitachomoka nusu mbili na ngozi itabaki mkononi. (Kikichomoka kwa nguvu kinaishia chini ya kochi, fanyia kazi hii juu ya bakuli.) Zikate nusu hizo vipande visivyozidi ukubwa wa jicho la samaki wako, lakini usiziponde zikawa uji, kwa sababu uji huchafua maji kabla haujaliwa. Samaki wa sentimita 10 anatosheka na njegere moja. Wa sentimita 5 mpe nusu.

Kama bado anakataa, usimpe chochote jioni, kisha asubuhi mwanzie njegere kabla hajaona punje. Wengi hukubali siku ya pili au ya tatu.

Huku kwetu majani ni mengi: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki. Yapi yanafaa, na nayazuiaje yasielee? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mchicha, spinachi na matembele yanafaa yote. Yachovye kwenye maji yanayochemka nusu dakika mpaka dakika moja, jani lilegee lakini libaki la kijani. Sukuma wiki nayo inafaa, ila toa uti wa katikati na uipe dakika mbili au tatu. Saladi ya majani haihitaji hata kupikwa, ingawa haina kitu kikubwa ndani. Kabichi mtu anaweza kutoa, lakini maji yake yananuka haraka, kwa hiyo hatuipendekezi. Kisamvu hapana kabisa: kina sumu ambayo sisi tunaitoa kwa kutwanga na kupika muda mrefu, na kukichovya kidogo kwenye maji ya moto hakutoshi.

Tango limenye, lipasue, toa mbegu, kata kipande cha unene wa kidole cha mwisho. Kulizamisha, lichome kwenye uma wa chuma usioshika kutu na uushushe uma wote chini ya tangi. Majani yafunge kwa uzi wa pamba kwenye jiwe safi, au yabane na klipu ya plastiki ukingoni. Baada ya saa mbili hadi nne toa kilichobaki, hata kama kinaonekana bado kizuri.

Jambo la kuhofia zaidi kwenye majani ya sokoni ni dawa za wadudu. Zile za jamii ya pairethroidi zinawadhuru samaki kwa kiasi kidogo mno, na ndizo hizo hizo zilizomo kwenye makopo mengi ya kupulizia mbu chumbani. Osha majani kwa maji mengi mara tatu, jani moja moja. Kama una nafasi, otesha mchicha wako kwenye ndoo. Na jioni ukipulizia mbu, funika tangi na uzime pampu ya hewa kwa muda huo, maana pampu ndiyo inayovuta dawa na kuiingiza majini.

Samaki wangu mnene mwenye mkia wa mapindo anaelea tumbo juu. Nimeambiwa dawa ni njegere. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli nusu. Samaki wa mwili wa duara viungo vyake vimebanana, na utumbo ukijaa unakisukuma kibofu cha hewa kinachomsawazisha. Chanzo cha kawaida ni punje zinazoelea: akizifuata juu ya maji anameza na hewa. Punje kavu pia huvimba zikishaingia ndani.

Kabla ya njegere, pima maji. Amonia na naitraiti, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na chakula kilichooza, zote ziwe sifuri. Zikiwa juu, badilisha maji kwanza, kwani huenda samaki anaelea kwa sababu amedhoofika. Maji yakiwa sawa, mfungishe siku mbili kamili, hata akija kiooni kuomba. Siku ya tatu mpe njegere moja iliyomenywa kama tulivyoeleza, na siku ya nne hivyo hivyo. Tazama kinyesi: kikitoka cha kijani, njia imefunguka. Mara nyingi kule kufunga ndiko kulikomponya, na njegere inapata sifa ya bure. Ukirudi kwenye punje, nunua zinazozama, na uziloweke dakika chache kwenye maji ya tangi.

Wiki ikipita bila nafuu, au magamba yakasimama mwili mzima kama ganda la nanasi, njegere haihusiki tena. Tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki. Wapo pia walioumbwa hivyo; hao huelea kila wakishiba, na huishi.

Nilisahau kipande cha boga usiku kucha, asubuhi maji meupe kama tui. Nimwage yote nioshe tangi? (Msomaji, Mwanza)

Usimwage yote. Weupe ule ni bakteria walioshamiri kwa kula boga lililooza. Toa mabaki yote, nyonya uchafu wa chini kwa mpira, kisha badilisha theluthi ya maji. Maji mapya yatie dawa ya kuondoa klorini na yawe na joto linalokaribiana na la zamani. Sponji ya filta usiioshe kwa maji ya bomba, kwa sababu klorini itawaua bakteria wema wanaokula amonia, nawe utaanza upya. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usiwape chakula siku moja, na kesho yake badilisha robo nyingine. Ongeza hewa, kwa kuwa bakteria hao wanagombania oksijeni na samaki.

Mkate, wali na ugali, mlivyouliza wengi, ni njia ya mkato ya kufika hapo hapo.

Karoti inawaongezea rangi? Na tukisafiri siku nne kwenda harusini, niwaachie tango zima? (Msomaji, Arusha)

Karoti iliyochemshwa ikalainika wataila, lakini kwa rangi haina nguvu inayosifiwa. Samaki huyu hutengeneza wekundu wake vizuri zaidi kutokana na rangi zilizomo kwenye majani ya kijani kibichi na kwenye spirulina, aina ya mwani ambayo huandikwa kwenye makopo mengi ya punje. Mwanga nao unahusika: tangi la kona yenye giza hufubaza samaki.

Tango zima litaoza kabla bibi harusi hajatoka. Samaki mzima mwenye afya anavumilia siku nne bila chakula. Badilisha robo ya maji siku moja kabla ya safari, wape kipimo cha kawaida asubuhi ya kuondoka, hakikisha pampu inafanya kazi, na ufunguo wa nyumba mwachie mtu wa kuangalia umeme, siyo wa kulisha.