Uliza Mwalimu: Nimufundishe namna gani mama mdogo mutihani wa uraia wa Marekani?

Mwalimu jambo. Miye pia ni mwalimu, nafundisha la sita ya primeri huku Bagira. Mama yangu mdogo, mwenye alinilea, alitoka mu kambi ya Nyarugusu akaenda Marekani mwaka 2017, na sasa anangoja bamuite kwa mutihani wa uraia. Ana miaka 54. Kule kuko kalasi ya bure mu kanisa lakini anasema mwalimu anakimbia, bengine bote banasikia Kingereza, yeye anakaa nyuma ananyamaza. Basi ananipigia miye WhatsApp, saa zingine kwetu ni usiku ya manane. Nilimutumia PDF ya maulizo 100 nikamwambia akariri kumi kila siku. Anashika, kesho yake byote bimekimbia. Anachanganya Sena na ile chambre ingine, Washington haelewi kama ni mutu ao ni muji, na sasa ameanza kusema kichwa yake imezeeka, aache tu. Nifanye nini?
— Mwalimu wa Bagira, Bukavu

Mwalimu mwenzangu, mbele ya yote weka hiyo PDF kando umuulize mama mdogo alituma dosye yake tarehe gani. Wenye walituma N-400, ile fomu ya kuomba uraia, mbele ya tarehe 20 mwezi wa kumi 2025 wanafanya mutihani wa zamani: maulizo 100 ya kusoma, ofisa anakuuliza mpaka kumi, ukipata sita umepita. Wenye walituma tarehe hiyo ao kisha wako na mutihani mupya: maulizo 128 ya kusoma, anakuuliza mpaka 20, unatakiwa kupata 12, na anasimama palepale ukishafika 12 za kweli ao ukishakosa tisa. Ile PDF ya 100 ingali inatembea mu magrupu ya Wakongomani kila pahali, hakuna mwenye anaandika juu yake kama ni ya nani, na mutu anaweza kusoma miezi mizima kitu chenye hawatamuuliza.

Kingine: ile sehemu ya historia na serikali haiandikwi. Ni mudomo kwa mudomo, ofisa anauliza, wewe unajibu, hakuna A, B, C ya kuchagua. Kuandika kuko lakini ni kwa Kingereza tu, anasoma sentensi moja kati ya tatu na anaandika sentensi moja kati ya tatu, basi. Sasa wewe unamufundisha sawa vile tunatayarisha watoto wa la sita, kusoma kwa sauti wote pamoja mpaka iingie, na kwa mutoto inaingia kweli, lakini mama wa miaka 54 mwenye anatoka kazini amechoka anasoma jibu mara makumi na hajajaribu hata mara moja kulitoa mu kichwa bila kuangalia. Geuza. Usimwambie tena jibu, umuulize tu. Asubuhi mutumie vokali tatu (ujumbe wa sauti wa WhatsApp), kila moja ulizo moja, na yeye akurudishie vokali yake akijibu, hata kama ni makosa, kisha ndio unamutumia jibu. Kesho rudia mbili za jana na moja mupya. Kisha siku tatu rudia tena zile zenye alikosa. Kwa njia hiyo hata usiku utalala, juu vokali haiombi mukuwe macho wote wawili saa moja.

Na kichwa yake haijazeeka. Mutu mwenye aliishi mu kambi, akajua ni biro gani ya HCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) inatoa karatasi gani, nani anasaini, nani anaweza kukataa na ukikataliwa unalalamika wapi, huyo anajua serikali inatembea namna gani kuliko sisi wengi. Chenye anakosa ni majina ya Kingereza. Kwa hiyo anza na Congo, umufundishe kwa Swahili mbele, Kingereza ifuate.

Muulize: kule Kinshasa Bunge iko na nyumba ngapi? Mbili, Asamble nasyonali na Sena, mtu yeyote mwenye alisikiliza redio anajua. Marekani pia ni mbili. Kwetu kila jimbo linatuma maseneta wane, Kinshasa peke yake wanane. Kule kila jimbo linatuma wawili, likuwe kubwa ao dogo, na majimbo ni 50. Umwache apige hesabu mwenyewe: 100. Hiyo hatasahau, juu hakuikariri, aliitafuta. Ile nyumba ingine, House of Representatives, iko na watu 435, na pale ndio wanaangalia wingi wa watu, jimbo lenye watu wengi linapata wengi. Mutihani unauliza hicho kabisa, kwa nini majimbo mengine yako na wawakilishi wengi kuliko mengine, na jibu ni wingi wa watu.

Kisha umuonyeshe pahali pa kuteleza, juu kujua ya Congo kunasaidia na kunadanganya pia. Prezida kwetu ni miaka tano, kule ni minne. Depite wetu ni miaka tano, mwakilishi wa kule ni miwili, seneta ni sita. Kule hakuna waziri wa kwanza, asimutafute. Gavana huku anachaguliwa na wadepite wa jimbo, kule raia wenyewe wanapiga kura. Maseneta pia, huku ni wadepite wa jimbo ndio wanawachagua, na kule ilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka 1913 walipobadilisha katiba (hii hawaulizi, lakini mama mdogo atafurahi kujua na wao walipitia njia yetu). Korti ya Katiba yetu iko na majaji tisa, Supreme Court yao iko na tisa pia, ila wetu wanakaa miaka tisa na wao wanakaa maisha.

Washington ni tatu: mutu, muji, na jimbo. George Washington ni prezida wa kwanza, muji mukubwa wa serikali ni Washington, D.C., na jimbo la Washington liko mbali kabisa, upande wa magaribi, kwenye Seattle iko. Mukumbushe Bukavu yenyewe wakati wa Wabelgiji iliitwa Costermansville, jina la mukubwa wao mumoja, na Kinshasa Léopoldville. Muji kuitwa jina la mutu si jambo geni kwa mwana wa Kivu.

Historia usiifundishe kwa namba za maulizo. Ulizo la 58 halifuatani na la 12 mu kichwa ya mutu. Simulia, jioni moja, toka mwanzo: walikuwa makoloni 13 chini ya mufalme wa Uingereza, wanalipa kodi na hawana mwenye kuwasemea kule, wakakasirika. Mutu mwenye aliuza ndizi soko ya Kadutu na kulipa takse kila asubuhi haitaji kuelezewa sana hapo. Tarehe 4 mwezi wa saba 1776 wakatangaza uhuru, Thomas Jefferson ndiye aliandika ile barua. Mwaka 1787 wakaandika katiba, inaanza na maneno “We the People”. Mistari 13 ya bendera ni yale makoloni, nyota 50 ni majimbo ya leo. Kisha utumwa, watu waliotolewa Afrika na kuuzwa, na hapa usikimbie, juu mama mdogo atakuwa na maneno yake ya kusema na mwache aseme. Kaskazini na kusini wakapigana, 1861 mpaka 1865, prezida ni Abraham Lincoln. Wanawake kupata kura inchi yote, 1920, na Susan B. Anthony ndiye alipigania haki za wanawake. Martin Luther King akapigania haki za watu wote. Vita ya pili ya dunia, Marekani ilipigana na Ujapani, Ujeremani na Italia, na ile uranium ya bomu la Hiroshima nyingi ilitoka Shinkolobwe, Katanga. Ofisa hataiuliza lakini Ujapani haitatoka tena mu kichwa.

Akishakuwa na hadithi, Kingereza inapata pahali pa kukaa. Hapo umufundishe sikio mbele ya mudomo: who ni mutu, when ni tarehe, how many ni hesabu, why ni sababu. Na “name one”! Watu wenye wanajua sana ndio wanaanguka hapo, anaambiwa taja moja yeye anataka kutaja zote tatu aonekane amesoma, ya pili inakuwa makosa. Taja moja, funga mudomo. “Name two”, taja mbili, funga. Na asiogope kuomba warudilie ulizo, inaruhusiwa, “please repeat” ni maneno ya kwanza yenye angejua kusema bila kufikiri.

Sauti yako peke yake haitoshi. Kingereza yetu ya Bukavu na ile ya ofisa wa kule ni mbali, na atakuja kushangaa siku yenyewe. Watoto wake wenye wamesoma kule wamuulize, jirani amuulize, mwanamke, mwanaume, mwenye kusema mbio na mwenye kusema polepole.

Tena kuna sehemu yenye watu wanasahau, na kwangu mimi ndio inaangusha wengi: ofisa anapima Kingereza ya mutu akimuuliza mambo ya fomu yenyewe, ameishi wapi, amefanya kazi gani, amesafiri lini, kama aliwahi kukamatwa, kama aliwahi kujiita raia akiwa bado. Mutu anajibu “yes” kwa kila kitu kwa sababu ya heshima, na pale “yes” ni hatari. Achukue kopi ya fomu yake mupitie pamoja ulizo kwa ulizo, kwa Swahili mbele. Asitie sahihi kwa jambo lenye haelewi.

Akikosa sehemu moja, wanamuita tena kati ya siku 60 na 90, anarudia ile yenye alikosa tu, na halipi fomu mupya. Mwambie hiyo mapema. Woga unakula majibu mengi kuliko usahaulifu.

Kuhusu ile kalasi ya kanisa, asiiache. Lakini akae mbele.

*

Mwalimu, baba mukubwa yetu iko Marekani toka 2003, sasa ana miaka 68, Kingereza hapana. Bantu banasema bazee habafanye mutihani. Ni kweli? Na kuko mutu anasema ataleta karatasi ya dokta kwa dola.
— Kijana wa Birere, Goma

Ni kweli nusu. Mwenye ana miaka 65 na kupita, na amekuwa mukaaji mwenye kadi ya kijani (green card, ya kukaa Marekani daima) miaka 20, anafanya mutihani lakini mudogo: anasoma maulizo 20 tu, wanamuuliza kumi, anatakiwa kupata sita, na anaweza kuufanya kwa Swahili na mukalimani. Mwenye ana 50 na miaka 20 ya kadi, ao 55 na miaka 15 ya kadi, yeye Kingereza wanamusamehe ila maulizo anasoma yote, kwa luga yake. Wanahesabu umri na miaka kwa siku yenye anatuma fomu, kwa hiyo angalieni tarehe yenye imeandikwa juu ya kadi, si siku ndege ilishuka, na kama bado miezi kidogo afadhali angoje.

Karatasi ya dokta inaitwa N-648, ni ya mutu mwenye ugonjwa ao ulemavu unamuzuiya kweli kujifunza, na dokta mwenyewe anaeleza ugonjwa unazuiya namna gani. Kuzeeka peke yake si ugonjwa. Huyo mwenye anauza, mukimbieni, juu uongo mu dosye ya uraia unaweza kuharibu na ile kadi yenye mzee ameshika zaidi ya miaka 20. Na baba mukubwa wenu nadhani hana haja nayo hata kidogo, maulizo 20 kwa Swahili ni kazi ya mwezi moja na wajukuu.

*

Mwalimu, bwana yangu anapata uraia wa Marekani mwaka huu. Atabakia Mukongomani? Tuko na parsele Lubumbashi, commune Kenya, jina ni yake.
— Mama wa Lubumbashi

Dada, kwa sheria yetu hapana. Katiba ya 2006, kipengele cha 10, inasema uraia wa Congo ni mumoja na hauchanganywi na mwingine, na sheria ya uraia ya 2004 inasema mwenye anachukua wa kigeni anapoteza wa Congo. Marekani yenyewe haikatazi mutu kuwa na mbili, yenye kukataza ni kwetu. Najua kuko wengi wenye wanatembea na paspoti mbili na hakuna mwenye anawauliza, lakini siku ya kugombana juu ya kiwanja ndio watu wanakumbuka sheria.

Na kiwanja ndio shida yako. Sheria ya ardhi ya 1973 inatoa konsesyo perpetuele (haki ya kiwanja bila mwisho) kwa mutu Mukongomani tu, mugeni anapata konsesyo ordineri, yenye muda. Kwa hiyo mbele ya bwana kuinua mukono kwa kiapo, toa makaratasi mu sanduku, angalia kama ni sertifika d'anrejistreman kweli, ile hati yenyewe ya kiwanja, ao ni fishi ya komini tu, kisha uende kwa noteri ao avoka wa mambo ya ardhi muongee kama parsele inaweza kuandikwa jina lako ao la watoto wenye wako hapa. Watoto wenye wako naye kule na kadi ya kijani, chini ya miaka 18, wanakuwa raia wa Marekani moja kwa moja baba akishaapa, basi muhesabu na hao mbele ya kuchagua jina la kuandika.