Kwa Mnaoanza Kuandika Historia ya Miji ya Mto Tana

Vijana wa atachimenti, nimesoma rasimu zenu za Hola, Garsen na Kipini. Makosa ni yale yale ya waliowatangulia, na nimechoka kuyaona. Nawaandikia kwa kuwa nawapenda na nataka kazi hii ifanywe sawasawa.

1. Pale Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, andika namba ya faili kabla hujanakili hata mstari mmoja.

2. Faili moja haitoshi. Hapa nitakawia. Mmoja wenu ameandika kwamba waliokuwa kizuizini katika kambi ya Hola, wakati wa vita vya Mau Mau, walikufa baada ya kunywa maji. Ameitoa kwenye taarifa ya serikali ya kikoloni ya Machi 1959, na kwake muhuri umemaliza mjadala. Mwanangu, taarifa hiyo ndiyo uongo wenyewe! Tarehe 3 Machi, wanaume waliogoma kufanya kazi kwenye mradi wa umwagiliaji walipigwa marungu na askari wa kambi, na 11 wakafa. Serikali ikasingizia maji. Uchunguzi wa hakimu ndio uliotaja majeraha ya kipigo. Julai mwaka huo huo suala likafika Bunge la Uingereza, na Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, akaikemea serikali ya chama chake mwenyewe. Taarifa, uchunguzi, mjadala wa bunge: zipange kwa tarehe, moja kando ya nyingine, ndipo uandike. Mjukuu wa mmoja wa wale 11 anaweza kuisoma rasimu yako. Utamwambia babu yake alikufa kwa maji? Na tafuta pia chini ya jina Galole, maana mji huo uliwahi kuitwa hivyo.

3. Tana huhama mkondo na vijiji vya Wapokomo huhama nao. Usikipime kijiji cha ramani kuukuu kwa ukingo wa leo.

4. Ukienda kwa wazee, nenda kwa adabu na uwe na subira. Mwaka 1902 Waingereza waliichukua ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, na hadi leo iko British Museum, London. Mzee akikuuliza sauti yake unayoirekodi unaipeleka wapi, ana haki ya kuuliza. Mwambie itakapohifadhiwa, na ukimwahidi nakala, ipeleke. Wapo Garsen wanaongoja nakala walizoahidiwa na waliowatangulia. Majina yao yako kwenye daftari la ofisi, na atakayesafiri kwanza azibebe.

Rasimu ya Hola naitaka upya Ijumaa.