Maswali ya wasomaji: Game Boy ikigoma kuwaka

SWALI: Nina Game Boy, kifaa cha michezo cha mkononi cha Nintendo, ya toleo la kwanza, ile nene ya kijivu. Hata nikiweka betri nne mpya, taa nyekundu humeta tu na kuzima. Nikiichezeachezea swichi, inawaka sekunde mbili tatu. Springi za betri zina unga mweupe. Bodi ya saketi imeungua?

JIBU: Haielekei. Bodi iliyoungua haizinduki kwa kuchezewa swichi. Umeme unakwama njiani, ama kwenye springi ama ndani ya swichi yenyewe, na pengine kote kuwili.

Unga huo ni mabaki ya betri za alkalini zilizovuja. Ni besi, yaani kinyume cha asidi, ndiyo maana alkoholi peke yake haiumalizi. Toa betri, chovya kijiti cha pamba kwenye siki nyeupe, kikamue kisichuruzike, kisha sugua hadi povu likome. Pitisha pamba nyingine yenye alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, uache pakauke kabisa. Springi iliyokuwa nyeusi ikwangue kwa msasa laini mpaka chuma king'ae. Iliyoliwa ikabaki nyembamba haifai tena, badilisha.

Sasa swichi, ambayo ndiyo tunayoishuku zaidi. Utahitaji bisibisi yenye ncha ya mabawa matatu. Skrubu ni 6, na 2 zimejificha ndani ya chumba cha betri. Anayezisahau huishia kupasua ganda. Fungua polepole, kwa sababu nusu mbili zimeunganishwa na waya bapa. Uchomoe ukiwa umenyooka, usiupinde. Dondosha matone mawili ya alkoholi kwenye mwanya wa swichi, uisukume mbele na nyuma mara 30, ongeza tone, rudia. Kiwango hicho si cha mzaha: utando ulioganda ndani hautoki kwa misukumo mitano.

Ukiwa na mita ya kupimia volti, pima kifaa kikiwa kimewashwa. Betri nne mpya hutoa kama volti 6. Ukizipata kwenye springi lakini zikapungua sana baada ya swichi, swichi bado chafu. Zikipita salama, pima bodi ndogo ya umeme: inapaswa kutoa volti 5 kwa ajili ya saketi. Hapo ndipo pa kuanza kuilaumu bodi, si kabla.

Na usijaribu kwa adapta yoyote uliyo nayo. Game Boy hii hutaka volti 6 zenye hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati.

SWALI: Yangu inawaka vizuri, lakini kisanduku cheusi hushuka mahali pa jina Nintendo, kisha kimya.

JIBU: Umeme wako ni mzima. Jina hilo husomwa kutoka kwenye katriji, kile kipande cha mchezo unachokichomeka. Lisiposomeka, huonekana weusi mtupu, na kifaa hukataa kuendelea. Safisha meno ya katriji kwa alkoholi, ikauke, kisha ichomeke na kuichomoa mara kumi hivi kifaa kikiwa kimezimwa. Kupuliza kwa mdomo acha: mate huleta kutu.

SWALI: Game Gear yangu, kifaa cha michezo cha mkononi cha Sega, huwaka na kuzima papo hapo, na sauti ilikuwa imefifia tangu zamani.

JIBU: Kapasita, vile vijenzi vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi, zimevuja. Badilisha zote kwa pamoja, za bodi ya sauti na za bodi ya umeme zikiwemo, na osha bodi kwa alkoholi kabla ya kuchomea mpya.